Karani wa Koti

Kibuli, Kampala

Shemeji Kulthum,

Assalamu alaikum. Niwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Sisi tu wazima, na paa limetengenezwa.

Mjukuu wangu Jannat ametunga mchezo wa kompyuta, wa maandishi matupu, kuhusu ofisi yenye majini. Mimi humsahihishia Kiswahili, naye hunisomea maoni ya wachezaji. Mmoja wa Bwaise ameandika: "Banange, jamani, mchezo iko sawa, lakini ule karani wa koti ananihurumisha. Anauliza kila mtu kama nyumbani wamemsomea yeye hitma. Ukijibu bado, anatundika koti kwenye kiti, anakaa tena."

Wengine tisa wameandika vivyo hivyo. Jannat anaapa: "Babu, huyo sikumwandika mimi." Nimesoma kila mstari, hayumo.

Mumeo, ndugu yangu Shafiq, aliacha koti lake kitini ofisini siku aliyotoweka wakati wa vita. Mimi ndiye niliyekataza hitma, nikisema kwamba bila maiti hakuna msiba.

Jana nilicheza mwenyewe. Aliniuliza swali lile lile, ila mimi aliniita "kaka".

Sijamjibu. Nikishaamua kuhusu hitma, nitakuandikia.

Shemeji yako,
Abdulghani