Siku Uliyomchoma Mwanao kwa Chelo

Mavyaa wangu,

Salamu zako nimezipata. Dadako alikuja Langoni arusini, akapita kwangu, akala, akanawa, ndipo akanipa ulichomtuma: mume wangu Swaleh ametoka jela, yuko nawe Chundwa, ametulia, nami nimpokee nyumbani. Sikumjibu yeye. Nakujibu wewe, na nakujibu hadharani, maana mji mzima umekwisha kusema yake juu yetu. Na wasikie yangu.

Unakumbuka Mwalimu Rukia alivyoingia mara ya kwanza, mchukuzi nyuma yake kaibeba ile chelo kubwa, ala ya nyuzi ya kimo cha mtu, ndani ya mfuko wake mweusi? Ulishika kifua ukasema, "Yarabi, nani kafa?" Mwalimu alikuwa akifundisha muziki majumbani, watoto na watu wazima, nami nilimwita kwa ajili ya Asma. Mjukuu wako, tangu amwone babake akinivunja mkono mlangoni mwa jikoni, alikuwa hasemi na mtu yeyote wa nje. Mwalimu hakumlazimisha kusema. Alimpa chelo ndogo, akamwonyesha kuvuta upinde juu ya nyuzi taratibu, na sauti nzito ikatoka ikajaa uani. Asma akacheka kwa nguvu, mbele ya mgeni. Tulitazamana mimi nawe.

Haukupita muda ukasema, "Nipa nami nijaribu."

Nikakwambia, "Mavyaa, chelo hukaliwa miguu wazi."

"Nimezaa saba mimi. Miguu yangu ina siri gani?"

Ukatandaza leso mapajani, ukaipakata ile kubwa kama mtu anayempakata mtoto mkaidi. Ulikuwa mwanafunzi mbishi. Mwalimu akisema legeza mkono, wewe wakaza. Akisema rudia, wewe wauliza, "Kwani ya kwanza ilikuwa na nini?" Lakini hukukosa somo hata moja, na Asma alikuwa akikusahihisha, na mimi nikikuna nazi huku nikiwasikiliza nilihisi nyumba hii niliyopewa na babangu imekuwa nyumba kweli. Nilianza kujifunza na mimi. Vidole viliniuma nikafurahi, kwa kuwa maumivu hayo nilijipa mwenyewe.

Sijui nani alimfikia Swaleh huko bara kazini akamwambia kuwa mamake anakaa miguu wazi akipiga ala mbele ya watu. Alikuja asubuhi, katikati ya somo. Hakubisha hodi. Aliupiga teke mlango, akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akasema, "Mwamchezea mama yangu?"

Alimnyang'anya Asma chelo ndogo akaipiga ukutani. Ilipasuka kama mbavu. Shingo yake ikambakia mkononi, nyuzi zikining'inia, na kwa shingo hiyo akanipiga mdomoni. Nilitema meno mawili. Mwalimu alimshika mkono; Swaleh akamsukuma, Mwalimu akaangukia ngazi, na hadi leo sikio lake moja halisikii vizuri. Kisha Swaleh akanikalia kifuani akazizungusha nyuzi shingoni mwangu akavuta. Asma alimng'ata bega, naye akamtupa kwa kiwiko bila kugeuka.

Nikakusikia, "Muwate!"

Hakuniwacha. Niliona giza pembeni mwa macho. Chelo kubwa ina mguu wa chuma, ule unaochomekwa chini isiteleze, na ncha yake ni kali. Uliinyanyua yote, wewe na mgongo wako unaouma, ukamchoma nao pajani. Alipiga ukelele, "Mama!" Alikuwa ameshaniachia. Nilikuwa navuta pumzi. Ukauchomoa, ukamchoma tena, zaidi ya mara ya kwanza, na uso wako sijapata kuuona hivyo.

Majirani walipoingia, damu ilikuwa imefika kwenye mkeka. Askari alipouliza nani amefanya hivi, nilitaka kusema ni mimi. Ulinitangulia. "Niliyemtoma ni mimi." Askari, mtu wa bara, hakuelewa, ukamrudia kwa utulivu, "Nimemchoma. Mimi mamake." Na mbele ya hakimu ukasema yote aliyonitenda, hata yale niliyodhani huyajui.

Alipofungwa, ulifunga nawe nguo zako. Nilikuta chumba chako kimefagiwa. Hukuniaga. Nilikukasirikia mno, Mavyaa, nikikwambia moyoni kwamba umeniokoa kisha ukanitupa. Baadaye nilielewa kidogo. Ulikuwa ukiniona mezani, unaliona pengo la meno yangu, na ndani ya pengo lile unamwona mwanao akilia jina lako. Kuchoma kule kwa kwanza kulikuwa kwa ajili yangu. Kule kwa pili, alipokuwa ameshaniachia, hukuweza kukaa nako nyumba moja nami.

Nasikia anachechemea, na kwamba unampikia na kumkanda mguu. Sikulaumu, umemzaa. Lakini usinitumie habari za kutulia kwake. Mimi sijatulia. Nikikata samaki naiona shingo ya Swaleh. Mtu akigonga mlango kwa nguvu, mkono wangu unatafuta kisu kabla sijauliza nani. Sikuwa mtu wa namna hii nilipoolewa, na sioni haya kukwambia, maana wewe umeshafika pale mimi ninapofika kwa mawazo tu. Dai la talaka yangu nimelipeleka kwa kadhi, nitaipata, akipenda asipende.

Mwalimu bado anakuja. Asma amekua, ameanza kupiga ile kubwa. Tuliusafisha mguu wake wa chuma kwa maji ya moto na ndimu. Anasema na watu sasa, anasema mpaka twamnyamazisha. Anauliza bibi atarudi lini.

Basi sikia. Ukija peke yako, siku yoyote, chumba chako ni chako na chai iko jikoni, na hatutazungumza lolote usilolitaka. Ukija naye nyuma yako, nitawaona kutoka dirisha la juu. Nitakulilia, Mavyaa, wallahi nitakulilia, na sitashuka kufungua.

Mungu akulinde huko uliko.

Mkaza mwanao,
Khadija