Tela Halina Moto

Njombe, Ijumaa usiku

Tela limekwenda. Mnunuzi wa lori letu amekuja leo kutoka Makambako kulichukua, na Baba alidhani ameuza lori tu. Tela alitaka livutwe na ng'ombe, libebe magome ya miti yetu ya miwati kwenda kuuzwa kiwanda cha ngozi. Magome hayo ndiyo yanayonisomesha.

"Soma, binti," mnunuzi alisema, akanipa mkataba wa Kiingereza. Nilisoma polepole, kisha nikamfasiria Baba: motokaa maana yake ni gari lenye injini, pamoja na tela lolote lililofungwa nyuma yake siku ya kutia sahihi.

"Tela halina moto," Baba alisema. "Litakuwaje motokaa?"

"Siku ile tulipoandikiana lilikuwa limefungwa, Mzee, au halikufungwa?" mnunuzi aliuliza.

Siku hiyo Baba alilifunga mwenyewe, akalijaza magome, akalivuta mpaka Makambako, ili mnunuzi aone nguvu za lori.

Jioni aliniuliza, "Maneno kama haya mnafundishwa shuleni?"

"Bado, Baba."

"Mwambie mwalimu awafundishe mapema."

Nitamwambia Jumatatu, kama karo itapatikana bila tela nami nikarudi. Penseli nimeichonga.