Mkutano wa Ziwa Ulioitwa Siku za Giza

Tabora, Alhamisi, Agosti. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai.

Nimetoka stesheni kumsindikiza shemeji Kassimu. Amekwenda Urambo kulima tumbaku ya watu, yeye aliyezaliwa Ujiji na kuvua dagaa maisha yake yote. Akija huku aliipita Urambo bila kuteremka, kwa sababu alitaka kwanza kuniuliza mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Ziwa Tanganyika lina serikali mbili: Mwingereza huku, Mbelgiji ng'ambo. Huku imekatazwa kutupa nyavu ghubani msimu samaki wanapozaa. Ng'ambo hakuna katazo. Kassimu anatii na kulala njaa, na samaki aliowaachia huvuliwa wakiisha kuvuka ule mstari wa mpaka niliokuwa nikiwachorea wanafunzi ubaoni.

Mwaka huu mabwana wa pande mbili walikutana Kigoma ili sheria iwe moja. Wakaita mkutano siku za giza.

Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Siku hizo mvuvi hukesha majini, mchana amelala. Mbalamwezi ikitoka, taa haifui dafu, nyavu huanikwa. Zamani ndipo wavuvi wa ng'ambo na wa huku walipokutana ufukweni kupatana ghuba ipi ipumzishwe.

Mkutanoni hakutokea mvuvi hata mmoja. Mabwana wakaona wavuvi wenyewe hawana haja, wakaahirisha bila kutaja siku.

"Shemeji, wewe unasoma magazeti," Kassimu aliniambia jana. "Ningoje, nisingoje?"

Nilitamani kumpa moyo. Lakini nikamwambia asingoje.

Mke wangu, dada yake, akamtania: "Nenda tu, kaka. Tumbaku haiogelei, hiyo hata wewe utaipata."

Alicheka. Chai hakuimaliza.

Leo stesheni nilimwona amepakata karabai yake, kioo amekifunga kwa kanga. Nikamuuliza, taa ya kuvulia ya nini shambani?

"Wakipatana nitarudi," akasema. "Mtumbwi nimeuza, shemeji. Taa siuzi."

Nikamshikia ile karabai mpaka alipopanda behewani.

Jioni hii mwezi mwandamo umeonekana juu ya mtaa wetu wa Kanyenye, mwembamba kama ukucha. Ukijaa, pwani nzima ya Ujiji itakuwa imekaa chini, nyavu juani, tayari kusikiliza na kusema.

Nani atawaambia mabwana watazame juu?