Chupa za Kijito Kwenye Friji Yetu

Mpendwa Baba,

Chai ya msiba wako ilipikwa kwa maji ya kijito. Uliyaleta mwenyewe Jumapili kwa basi kutoka chini ya milima ya Rwenzori, ukayaweka kwenye friji hapa nyumbani Bukoto yasubiri maabara ya Bugolobi ifunguliwe asubuhi. Miaka yote kazi yako ilikuwa hiyo, kuchota maji ya vijito yapimwe. Asubuhi hukuamka. Nyumba ikajaa watu, bomba likakauka, na Shangazi akafungua friji.

"Nilionaka maji, nikapikia batu chai," aliniambia. Chupa zako alikwisha kuzisugua kwa sabuni, akazipindua zikauke. Mwili wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nikachukua kikombe, nikanywa. Ilikuwa chai tu.

Unakumbuka Mama, alipokuwa hai, akilalamika kwamba friji ya nyama imegeuka friji ya mito? Wewe ulikuwa unacheka, unasogeza maziwa. Likizo moja ulinichukua huko, ukanisimamisha kijitoni nimekunja suruali. "Tazama maji yanakotoka," ulisema. "Tope la miguu yako libaki nyuma." Mimi nilitaka turudi stendi nikale gonja, zile ndizi za kuchoma.

Tukakuzika. Sikulia. Watu wamenisema.

Kisha simu yako ikalia. Alikuwa Biira, yule mama anayeuza ndizi karibu na kijito, ambaye mwanawe haponi tumbo. "Mzee, maji yetu imesema nini?" Nikamwambia mzee ametutoka. Akanipa pole, halafu akauliza taratibu: "Na maji?"

Nikaomba chupa safi kwa wenzako kazini, nikapanda basi. Biira akanionyesha jiwe ulilokuwa unasimamia. Nikaingia majini, nikatazama maji yanakotoka, nikazamisha chupa. Baridi ikaniuma miguu mpaka kwenye mifupa. Baba, ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu ufe, na sikutaka kutoka.

Nimerudi jioni hii. Chupa ziko nyuma ya maziwa. Shangazi ameapa hazigusi, lakini nimeburuta godoro langu hadi jikoni. Kesho maabara ikifunguliwa nitakuwa mlangoni, na jibu likitoka nitampigia Biira kwa simu yako.

Wewe lala, Baba. Friji ninailinda mimi.

Binti yako