Damu ya Wanjala Haikuwa na Sumu

Kitale,
Machi 2009

Mayi, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti lako limepata nafuu na mvua imefika Matulo, maana huku watu wameanza kupanda. Mimi ni mzima wa mwili tu. Tangu kaka Wanjala atuache, kila nikipika ugali nakumbuka alivyokuwa akimwachia Hiram, kitindamimba wetu, ukoko wote wa sufuria.

Ujumbe wako umenifikia, kwamba mwili uje Jumamosi lakini Gathoni asikanyage boma, kwa sababu alimwekea mumewe sumu. Ndiyo maana naandika.

Unajua Wanjala alirudi kutoka Ujerumani na mashine ya kusukuma damu, imeshonwa kwenye moyo, na betri yake akiivaa kiunoni. Daktari alitueleza mimi na Gathoni kwamba ndani yake mna gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi ya ajabu. Chembe nyekundu za damu zikipita hapo, nyingine hupasuka, na wekundu wake hutoka na mkojo. Hata zile nyuzi nyembamba zinazosaidia damu kuganda hukatwa. Akatuonya tumchunge asijikate, hata kwa wembe.

Mwezi uliopita mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya strungi. Gathoni akautia kwenye chupa ili aupeleke kwa daktari. Hiram alikuwa amekuja kututembelea, akaiona. Wanjala alimweleza habari ya gurudumu, lakini Hiram akacheka, akasema ati mashine iliyowekwa kusaidia damu haiwezi kuiharibu tena, ni huyu mwanamke anakumaliza polepole. Akarudi kwako na neno hilo.

Kisha wakaja, yeye na binamu zetu, na marungu. Nilikuwepo. Walivunja mlango wa jikoni, wakamburuta Gathoni kwa nywele hadi uani, wakampiga mpaka mkono ukavunjika, wakamlazimisha anywe ile chupa. Akanywa. Mmoja akamkejeli Wanjala, ati wewe ni mwanaume gani, unakojoa strungi na bado unakula kwa mkono wake. Wanjala alijilaza juu ya mke wake.

Hiram alikuambia kaka alitapika damu ya sumu. Hapana, Mayi. Rungu la Hiram, lililokuwa likimtafuta Gathoni, lilimpata Wanjala puani. Mtu mwingine angepenga tu, akaendelea na kazi. Yeye damu ilikataa kuganda. Tulilowesha mataulo, tukajaza beseni, na mashine ikaendelea kuisukuma nje. Pumzi yake ilipokatika, mashine ilikuwa bado inavuma. Gathoni ndiye aliyetoa betri, kwa ule mkono mzima.

Polisi walipomhoji, alisema hakuwatambua waliompiga. Mimi aliniambia hataki uzike wanao wawili.

Jumamosi tutakuja naye, ameketi karibu na jeneza. Ukimfungia lango, mwili utaingia, lakini mimi nitabaki naye barabarani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Hiram pia. Mwambie nafasi yake ya kubeba jeneza ipo. Ni Gathoni aliyesema aachiwe.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Nasike