Hukumu Moja kwa Kila Risasi

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nimetoka korti kuu Nyeri sasa hivi. Shemeji yangu Ndungu, mlinzi wa kiwanda cha kahawa Othaya, alifyatua bunduki ya chama cha ushirika alfajiri moja mwaka jana, ndani ya ukungu, akitaka kumtisha mwizi. Mwizi akafa. Shtaka: mauaji. Akipatikana na hatia, hukumu ni moja tu — kitanzi. Jaji haruhusiwi kupima chochote. Ulimvizia mtu siku tatu au uliogopa sekunde tatu, kamba ni ile ile. Hata mashine ya kahawa hutenga mbegu nzito na nyepesi!

Wakili wetu, Bi Gakii, ataiomba korti itamke kwamba hukumu isiyo na chaguo inavunja Katiba, kwa kuwa ni adhabu ya kinyama. Sawasawa! Nimeshaanza barua kwa gazeti. Ndungu nimemwambia: usimpigie mtu magoti.

Jumatano, 10 Julai

Kiongozi wa mashtaka ametoa karatasi — mwandiko wangu! Mwaka jana wazee wetu walipeleka mbuzi wawili na kondoo kwa familia ya marehemu, damu isibaki kati ya koo zetu. Mimi ndiye niliyeandika maneno: "Mwana wenu tumemuua sisi." Ndivyo husemwa. Ukoo mzima hubeba. Kiongozi wa mashtaka akaisoma polepole, akilamba midomo. Akauliza: je, huku si kukiri?

Wazee watatu wanaomshauri jaji wakatazama viatu vyao. Hakuna kati yao ambaye hajala nyama ya upatanisho. Hata mmoja hakumweleza jaji desturi hiyo. Wanafiki!

Nje, dada yangu Kabura, mke wa Ndungu:

"Ati msomi! Si ungeacha hiyo kalamu nyumbani siku moja tu?"

Nimeirudisha kalamu mfukoni.

Ijumaa, 12 Julai. Saa saba u nusu, kibaraza cha korti

Jaji amelitupa ombi la Gakii kwa dakika nne. Mikono yake imefungwa, Bunge ndilo lililoamua. Alisema hayo akitazama saa.

Kisha serikali ikaja na lake. Ndungu akikubali leo kwamba aliua bila kukusudia, shtaka la mauaji linafutwa. Hapo jaji anaruhusiwa kupima: miaka kumi, mitano, hata kifungo cha nje. Kumbe mizani ipo! Wameificha chini ya meza, wanaitoa ukishakiri. Uchafu mtupu.

Gakii anasema achukue, haraka, kabla hawajabadili nia. Kabura amelia hadi sauti ikakauka. Ndungu amekataa.

"Mimi siwezi piga magoti," aliniambia wakimrudisha seli. "Si ni wewe ulinifunza, shemeji? Ama ulikuwa unaandikia gazeti?"

Nilikuwa naandikia gazeti.

Hoja za kukataa ninazo kumi na mbili. Zote za kweli, na sioni hata moja inayoweza kulea watoto wanne. Kabura amenisukuma begani tu, kuelekea seli, nikamwambie akubali.

Saa nane kamili atasimamishwa kizimbani ajibu. Askari amenipa dakika tano za kuzungumza naye. Tatu nimezimaliza hapa mlangoni pa seli, naandika.