Alama ya Ngamia kwenye Ngazi

Hared, jibu ujumbe huu, usiusome tu kama kawaida yako.

Eddo Timiro, shangazi yako, alipanda boti leo kuona hifadhi ya bahari. Mtembeza wageni akamwambia, "Mama, hapa hapajawahi kukaa watu."

Hapajawahi!

Mwaka wa 1966 yeye na kaka yake Gelle walileta ngamia papo hapo kulamba chumvi. Askari waliokuja kuwafukuza wakampiga Gelle risasi. Timiro alimzika, akachonga alama ya ngamia wao kwenye jiwe la kaburi.

Jiwe hilo sasa ni ngazi ya kushukia boti. Wageni wanalikanyaga.

"Ondoka, mama, maji yanajaa," mtembeza wageni anamwambia.

"Nilishaondoka mara moja," Timiro anamjibu.

Amelikalia, maji magotini. Kaburi lenyewe halionekani tena.

Hared, una ofisi hapo hifadhini. Piga simu jiwe litolewe, sasa hivi, kabla walinzi hawajambeba Eddo kwa nguvu.